Samli kwenye Raba ya Trela

Wageni waliokuja kusali nasi walituachia trela la kukunja. Ukiinua paa lake, kinatokea chumba cha turubai chenye vitanda viwili. Tulilihifadhi nyuma ya nyumba yangu Makoko, na katekista wetu, ndugu yangu katika imani mwenye kifua kibovu, alilalaga humo alipokwenda kufundisha kwenye makanisa madogo ya vigangoni Butiama. Lilimwokoa na sakafu za baridi.

Chini ya paa, pande zote, kuna raba nyeusi ya kuzuia maji. Wageni walinielekeza niifute kwa maji ya sabuni, niikaushe, kisha niipake mafuta ya silikoni. Kopo la silikoni lilipoisha nikachukua samli. Nyumbani kwetu ngozi ya kulalia ikikakamaa hupakwa samli, nayo hulainika. Nilipaka huku nikimshukuru Mungu kwa hekima ya wazazi wangu.

Raba ilivimba, ikalegea, ikaachia kwenye kona. Niliiona asubuhi katekista alipokuja kulichukua trela. Niliisukumiza ndani kwa vidole, nikamtakia safari njema.

Mvua ilinyesha Butiama usiku ule. Alirudi anakohoa, magodoro yanachuruzika. Alisema alilala kama sato kwenye ndoo, kisha akaacha utani.

“Mzee, nadhani sikulifunga vizuri. Nimeharibu mali ya kanisa. Niombee.”

Nilimwombea. Nilisimama palepale, mkono begani pake, nikamwomba Mungu amsamehe kosa langu.

Tulipokuwa tukianika magodoro aligusa raba, akanusa vidole.

“Mbona inanukia maziwa?”

“Ni samli. Niliipaka mimi. Na nilijua imeachia kabla hujaondoka.”

Alicheka, akaniuliza kama trela hilo nilitaka kulikamua. Kicheko kikageuka kikohozi, akaketi chini akishika kifua. Hakunilaumu, wala siku ile wala baadaye. Nashukuru, ingawa lawama ingenipumzisha.

Nilibandua raba ile, nikasugua mafuta yote kwa sabuni, nikaweka mpya. Sasa kila anapojiandaa kusafiri, mimi hutangulia kulala kwenye kitanda chake huku mke wangu akimwaga ndoo za maji juu ya paa. Natazama kona moja moja. Nje namsikia katekista akisubiri, akikohoa.