Kadi Zilizonimenyesha Ndizi

Siku moja ya ujana wangu haijanitoka kichwani, mwanangu. Wewe unayeniuliza kila tukikutana kadi ipi ni bora kwenye ule mchezo wa simu, kaa kwanza nikusimulie. Jibu lako limo humo. Kama una haraka, kamuulize mwingine.

Nilikuwa kijijini Kanazi, kijana mwenye shingo ngumu. Kaka yangu alikuwa anaoa, nami nikapewa kazi ya kutafuta wakanyagaji wa rubisi, ile pombe yetu ya ndizi ya kupeleka ukweni. Ndizi mbivu zinatiwa kwenye mtumbwi wa mbao pamoja na majani, wanaume wananawa miguu, wanaingia, wanakanyaga kwa mdundo mmoja huku wakiimba mpaka juisi itoke. Kila mtu akikanyaga kivyake, unapata uji. Mimi nikachagua warefu, wenye vifua, waliochana nywele, maana nilijua dada za bibi harusi watapita kuchungulia. Walipendeza kweli. Juisi haikutoka.

Akaja mzee mmoja, Ta Byabato, mfupi, jicho moja limefumba, magoti yana mafundo kama mti wa kahawa. Akanitazama. "We kijana, hizi ndizi zimekuomba picha?" Akawatoa wawili, akaingia mwenyewe, akaanzisha wimbo, na waliobaki wakamfuata. Haukupita muda, juisi ikawa inatiririka. Nikajiapia kwamba sura haitanidanganya tena. Kwa somo hilo nimechagua vibarua, nimechagua mashamba, nimejenga nyumba za kupangisha hapa Buhembe, na shule niliiachia darasa la nne. Kwa hiyo mtu asinifundishe kuchagua.

Ndivyo nilivyokuwa nasema, mpaka kadi zikaja.

Mchezo wenyewe alinionyesha mjukuu wangu Kemilembe. Wimbo unapigwa, vidoa vya rangi vinashuka kwenye kioo, unavigonga kwa kidole kufuata mdundo. Ukikosa sana uhai wako unapungua, ukiisha wimbo unakatika. Nyuma yako unapanga timu ya kadi tano, kila moja ina mwimbaji wa kuchorwa, mwenye nywele za rangi ambayo Mungu hakuiumba. Kadi huichagui dukani kama shati. Unakusanya vito kwa kucheza, unavitoa, unabahatisha, unapewa utakachopewa. Baada ya hapo ndipo unachagua nani aingie kwenye timu.

Sasa dada yangu Domitila, aliyeolewa Muleba, naye akaingizwa kwenye mchezo huo na mjukuu wake Jovin. Akanipigia simu.

"Kaka, Krismasi ukoo wote unakuja kwako. Tucheze, wewe na Kemilembe, mimi na Jovin. Watakaoshindwa watamenya ndizi zote za sikukuu. Uani, mbele za watu."

Elewa hapo, mwanangu. Kwetu mwanaume wa umri wangu anakata mkungu, anaufikisha mlango wa jikoni, anaondoka zake. Hamenyi. Na Krismasi hiyo mkwe wangu mpya alikuwa anakuja kwa mara ya kwanza na wazazi wake. Domitila alilijua hilo vizuri sana. Nami nikakubali, kwa sababu sikuona nitashindwaje na mwanamke anayeshikilia simu juu chini.

Jumapili, baada ya misa, tukaketi mimi na Kemilembe, Muleba wakiwa kwenye simu nyingine, sauti imefunguliwa. Kila mmoja angecheza wimbo mmoja na wa upande wa pili wa rika lake, halafu pointi za kila upande zijumlishwe. Kwenye mchezo huo kila wimbo una rangi yake, na kila kadi pia; wimbo wangu na Domitila ulikuwa mwekundu.

"Babu, weka kadi nyekundu," Kemilembe akaninong'oneza. "Rangi ikilingana na wimbo, pointi zinapanda."

"Mimi sipangi watu kwa rangi ya shati."

"Basi nikuwekee huyu wa dhahabu awe kiongozi. Nimemkusanyia vito tangu kiangazi."

Nikamwangalia huyo wa dhahabu. Nywele zinafika miguuni, jicho limerembuka. Nikawaona wale vijana wangu wa Kanazi waziwazi. "Huyo hapana. Nipe huyu." Nikagusa kijana mmoja wa buluu, mnene, anasinzia, soksi moja imeshuka.

"Babu! Huyo hupewa kila mtu siku ya kwanza. Hata waliofuta mchezo wanaye!"

"Ndiyo maana. Huyo ni Byabato."

"Anafanya kazi gani?"

"Mwangalie uso. Huyo anafanya kazi."

Nikajaza timu yangu na wabaya wa sura watupu. Mmoja alikuwa na kidonda puani, nikamfanya kiongozi.

Wimbo ukaanza. Kidole gumba changu, mwanangu, kimeshika panga miaka yote. Kikigusa kioo kinafunika vidoa viwili na cha jirani. Nikakosa, nikakosa, Byabato wangu anasinzia tu, na kabla hata kiitikio hakijafika, kioo kikawa cheusi. Nikasema mtandao wa Buhembe ni mbovu. Muleba wakacheka mpaka simu ikakwaruza.

Akaingia Domitila. Kukosa alikosa kama mimi, tulimsikia akiita, "Yesu wangu!" kila mstari. Lakini wimbo haukukatika. Alifika mwisho akihema kama aliyepanda mlima, akapata pointi zake za kawaida.

"Wewe umefikaje?" nikamuuliza.

"Nilimwambia Jovin, mimi nakosea sana, kuna nani hapa wa kunirudishia uhai? Akanipa watatu. Kaka, nunua kisu."

Wimbo wa vijana ulikuwa wa buluu. Kemilembe akaanza kugusa kadi moja moja na kusoma kazi zake. Yule wa dhahabu, maana dhahabu ilikuwa daraja lake tu na rangi yake ilikuwa buluu, akamfanya kiongozi. Halafu nikamwona anamchukua yule msinziaji wangu.

"Umemwonea huruma?"

"Hapana, babu. Nimesoma. Anaongeza pointi kwa mchezaji ambaye hajakosa hata kidoa. Kwako alikuwa hana kazi."

Mtoto yule akapiga wimbo mzima bila kukosa. Jovin akaachwa mbali. Tukajumlisha, na shimo nililochimba mimi halikujaa.

Krismasi nikaketi uani, kigoda chini, utomvu mpaka kwenye viwiko, Kemilembe pembeni yangu na kisu chake. Domitila alipita na kikombe cha chai ambacho hakuwa anakinywa. "Waitu jamani, kaka, unamenya au unachonga mtumbwi?" Mkwe alipofika na wazazi wake akaganda getini. Kisha akakunja mikono ya shati, akasema, "Shikamoo baba," akachukua kisu. Anamenya vizuri kuliko binti yangu. Hilo nisingelijua kwa kumtazama kwenye suti.

Katikati ya kazi Kemilembe akaniuliza taratibu, "Babu, kwani Ta Byabato alifaa kwa sababu jicho lilikuwa limefumba?"

"Hapana," nikamwambia, "alijua kukanyaga." Nilikuwa nimeukariri uso wa yule mzee muda wote huo, nikaisahau miguu yake.

Kwa hiyo, mwanangu, kadi bora unayoniuliza mimi siijui, na anayekutajia jina moja kabla hajakuona ukicheza anakupotezea vito. Soma kazi ya kadi kabla hujatazama nywele, na kabla hujazidharau nywele pia, maana yule wa dhahabu alikuwa mzuri na alifanya kazi. Tazama wimbo una rangi gani. Halafu ukubali mkono wako ulivyo: kama unakosa kama mimi, tafuta wa kukurudishia uhai, achana na wale wanaowataka wasiokosa. Uliyepewa siku ya kwanza usimfute kabla hujajua anafanya nini. Na ukichagua mchumba, au fundi, au mtu wa kufungua naye duka, fanya hivyohivyo.

Mungu akujalie macho ya kusoma na subira ya kuuliza, vito vyako visiishie kwenye tamaa, na uhai wako usikatike kabla wimbo haujafika mwisho.