Rukia na Maua Saba

Harufu ya kanji ikichemka jikoni ndiyo iliyokuwa ikituamsha likizo ile ya Desemba, nilipokuwa na miaka kumi na mdogo wangu Rukia akikaribia mitano. Mama alikuwa akishona kofia kwa mkono nyumbani kwetu Mji wa Kale. Kila kofia iliyokamilika aliichovya katika kanji ya moto ili ikakamae, kisha akaivisha sufuria iliyopinduliwa ili ikauke ikiwa imesimama. Mimi nilikuwa msemaji, na wageni walinipenda kwa hilo. Rukia aliweza kupitisha asubuhi nzima bila neno, macho yake yakifuata sindano ya Mama, inaingia, inatoka.

Jirani yetu Bi Salma alitupenda sana, ila hakuwa mtu wa kuficha. "Mwana huyu ulimi umemlemea," alimwambia Mama. "Shule ngojeni mwaka mmoja zaidi. Mchelea mwana kulia hulia mwenyewe, lakini huyu wenziwe watamcheka." Baba, aliyekuwa karani bandarini Kilindini, alijibu kwamba debe tupu ndilo livumalo. Hata hivyo nilimwona akimtazama Rukia kwa wasiwasi kila mgeni alipomuuliza jina, naye mtoto akakimbilia nyuma ya mlango.

Siku moja Mama alikwama. Alikuwa na kofia ya bwana harusi, na kwenye ukanda wake alitaka kuchora maua manane kwa penseli kabla ya kushona. La nane halikupata nafasi. Akafuta, akachora, akafuta tena, mpaka kitambaa kikaanza kuchakaa. Mimi nilikuwa nikichagua pojo kwenye ungo. Rukia akachota konzi moja, akakaa mkekani, akapanga punje moja moja mpaka zikawa maua madogo yaliyozunguka na kukutana.

"Saba," akasema.

"Nini saba, mamangu?" Mama akamuuliza.

"Maua. Manane hayaenei." Akaweka vidole vyake vitatu juu ya ukanda, akavisogeza kutoka ua hadi ua, akahesabu kwa midomo tu.

Mama akachora saba. Yakakutana bila kubaki hata upenyo wa uzi. Aliiweka kofia chini, akampakata Rukia, akacheka huku machozi yakimtoka, nami nikacheka bila kujua tunacheka nini. Kimya kingi kina mshindo mkuu. Tangu siku ile Mama hakumlazimisha tena kutaja jina lake mbele ya watu. Alimpa vifungo avipange, kufuli bovu alifungue, akakaa kando kumtazama.

Januari tukampeleka shule ya chekechea karibu na Tononoka. Mwalimu Roda, mama mpole kutoka bara, alimuuliza jina, umri, rangi ya ukuta. Rukia akatazama sakafu. Mwalimu akafunga daftari taratibu. "Mama Rukia, mrudishe mwaka ujao. Bado hajawa tayari."

Nilihisi mkono wa Mama ukibana wangu. "Mwalimu, samahani. Usimuulize kitu. Mpe kitu afanye."

Mwalimu akasita, kisha akammiminia kikapu cha vifuniko vya soda. Rukia akaketi. Akapanga duara ndani ya duara, rangi zikipokezana, nasi, watu wazima kwa watoto, tukasogea kumtazama. Alipogeuka kuokota kimoja kilichobingirika, Mwalimu akanyofoa kingine na kukificha kiganjani. Rukia akarudi, akatazama mara moja tu.

"Mwalimu, una kimoja mkononi. Chekundu."

Mwalimu Roda alifungua kiganja, akacheka, akafungua daftari lake tena na kuandika jina. Tulirudi nyumbani kwa miguu, na njia nzima Mama alimwamkia kila aliyepita, hata asiyemjua.

Leo Rukia anafundisha hisabati, na darasani husema kuliko mimi. Nikimsifu kwa akili zake za utotoni hukataa. "Si akili, dada. Mama alikuwa na muda wa kunitazama." Mwanangu ana miaka minne. Anaimba herufi zote kwa lugha mbili, wageni wanapiga makofi, na mimi najivuna. Juzi nilimkuta uani amechuchumaa, kimya, akiburuta vijiti kwenye maji yaliyomwagika. Tulikuwa tumechelewa. Nilikwisha kufungua kinywa nimwite. Badala yake nikaketi chini karibu naye, nikamtazama.