Safari ya Kuangalia Tu

Mama yangu alipita barabara ya kutoka Walikale hadi Sake mara moja tu, na hakuiona. Alikuwa juu ya kamio, lori la baba, katikati ya magunia, amenibeba mimi nikiwa bado nanyonya, na mvua ilianza kabla hawajatoka msituni. Wakafunikwa na turubai. Alichokumbuka kutoka safari ile ni harufu ya mpira, mshindo wa maji juu ya kichwa, na sauti ya baba kutoka chini kwenye usukani, akiuliza kila mara gari iliposimama, "Muko wazima?" Turubai lilipoondolewa walikuwa wamekwisha kufika Sake, karibu na njia panda, mbele ya nyumba ambayo tangu siku ile ikawa yetu.

Kwa hiyo daktari wa macho wa Goma alipomwambia kwamba macho yake yanafungwa kutoka pembeni, na kwamba dawa itapunguza mwendo wa ugonjwa lakini haitarudisha kilichopotea, mama hakulia. Alirudi nyumbani, akavua viatu, akala viazi vyake vyote. Halafu akasema:

"Papa, utanipitisha kwa barabara yako. Muchana. Na jeep, hapana kamio. Mi nitakaa mbele, kwa dirisha."

"Kwenda kufanya nini?" baba akauliza.

"Kuangalia."

"Kuangalia nini?"

"Barabara yenye ulinificha."

Baba alicheka, lakini niliona amekubali. Alikuwa mfanyabiashara wa upande wa Butembo, mmoja wa wale waliofungua maduka Mubi zamani, wakati mji ule wa msituni ulikuwa unajaa wachimbaji na pikipiki. Huko ndiko alikomkuta mama, binti wa wakulima na wawindaji wa Walikale. Nusu ya maisha yake aliipitisha kwenye barabara ile, akishusha sabuni na chumvi, akipandisha mafuta ya mawese. Kamio alikuwa amekwisha kuiuza. Ilibaki jeep moja, ya kijani, ambayo mlango wake wa kulia ulifunguka kwa kupigwa teke.

Tulianza kupanga jioni ile ile. Mimi nilileta ramani ya darasani, nikaitandaza mezani, na baba akaipitishia kidole. Asubuhi tungetoka Sake na kupanda Mushaki, na huko juu tungesimama ili mama aangalie ziwa likiwa nyuma yetu. Kisha tungezunguka kwenda Burungu kumsalimu dada yake mkubwa, aliyeolewa kwa wafugaji, tukanywe maziwa huko. Kisha Masisi, tulale kwa masista. Baada ya Masisi ungekuja mteremko wa kuingia msituni, joto, migazi ya mawese, mito ya maji meusi, hadi Walikale, kwao. Mwisho Mubi, aone kama duka lao la kwanza bado limesimama.

"Mushaki tutasimama muda gani?" niliuliza.

"Mupaka mi niseme tuende," mama akasema.

Habari ilifika sokoni kabla yetu. Mama mmoja muuza maharagi, ambaye meza yake ilipakana na duka letu na ambaye hakuwahi kumwacha mtu apite bila kumtania, alisimama akapiga makofi.

"Mukuje muone! Mama amekuwa turisti! Utavaa kapelo ya jua na miwani?"

"Nitavaa na kaptula," mama akajibu.

"Bazungu njo banaendaka kuangalia milima. Sisi, milima njo inatuangaliaka."

"Sasa mimi ninaenda kuirudishia macho, kabla hayajaisha."

Mama yule alicheka hadi akashika meza. Baadaye, mama yangu alipoingia ndani, yule muuza maharagi aliniuliza kwa sauti ya chini kama ni kweli, ile habari ya macho. Nikamwambia ni kweli. Akachukua kopo, akajaza maharagi kwenye mfuko, akanipa.

Jambo tulilolisahau, au tuseme lilikuwa karibu mno na sisi hata hatukuliona, ni kwamba baba hakuwahi katika maisha yake kuendesha gari tupu. Watu wa kazi yake hawafanyi hivyo. Gari ikienda kuzika, nyuma kuna katoni za sabuni. Gari iliyomleta mama kanisani siku ya ndoa yao ilikuwa na makayabo, samaki wale wa chumvi, chini ya kiti, na picha moja ya harusi inamwonyesha padri akigeuza pua. Haikuwa tamaa. Kwa baba, gari isiyobeba kitu ilikuwa kama mtu anayekwenda ugenini mikono mitupu; ilimtia haya.

Wiki tuliyopanga kuondoka, nilitoka asubuhi nikakuta nyuma ya jeep kuna chumvi.

"Papa, tulisema tunaenda kuangalia."

"Chumvi inakukataza kuangalia?"

"Hapana."

"Basi."

Siku iliyofuata kulikuwa na sabuni. Kisha betri za redio, na ndoo za plastiki zilizofika hadi kwenye dari. Kisha rafiki yake mmoja wa zamani akaleta mabati ya mtu wa Mubi, na mabati hayakuweza kukaa nyuma bila kupita mbele, juu ya kiti cha abiria, mpaka dirishani. Mama alitoka nje akayagusa. Alikuwa ameanza kugusa vitu kabla ya kuviamini.

"Na mimi nitakaa wapi?"

"Tutapanga," baba akasema.

Hakupata namna ya kupanga. Mabati yalirudishwa kwa mwenyewe, lakini bila mabati mzigo ulionekana nusu, na nusu mzigo kwa baba ni hasara ya barabara nzima. Akasema tungoje maharagi ya Burungu. Shemeji yake alikuwa amelima mengi. Yakivunwa tutayapakia tukipita, tutayauza Walikale ambako maharagi ni haba, na faida itanunua dawa ya macho. Alieleza vizuri. Alikuwa anafikiria macho yale yale. Mama aliitika kwa kichwa, akauliza tu:

"Yanavunwa wakati gani?"

"Karibuni. Mvua ikikatika."

"Sawa. Niko hapa."

Alingoja. Wakati huo ndipo nilianza kuona mambo ambayo mtu wa nje asingeyaona. Alimimina chai na kusimama kidole kikiwa ndani ya kikombe, ili joto limwambie pa kukomea. Alipokwenda sokoni alifuata ukuta. Jioni alikaa mlangoni, uso ameuelekeza kwenye vilima vilivyo nyuma ya Sake, na aligeuza kichwa chote polepole, kama mtu anayetafuta kitu ndani ya bomba. Siku moja alinishika mkono akaniambia nimwelezee kile kilichokuwa kulia kwa nyumba ya jirani. Nikamwambia ni mkaratusi, wanaukata. Akasema, "Ninasikia shoka. Muti siuone."

Nilimwambia baba usiku ule ule. Alinisikiliza akifuta mikono. Kesho yake alipiga simu Burungu. Maharagi bado yalikuwa na majani ya kijani. Akasema wiki mbili, mwisho tatu.

Kabla ya wiki hizo kuisha, barabara ya juu ilifungwa na vita. Watu walianza kushuka kutoka Masisi na magodoro kichwani, wengine na mbuzi, na dada mkubwa wa mama alitupigia kutoka njiani akisema maharagi wameyaacha shambani na ng'ombe wametawanyika. Halafu milio ya risasi ikasikika Sake penyewe. Baba alishusha chumvi na sabuni zote, akaziacha sakafuni, akatupakia sisi. Mama alikaa mbele, kwa dirisha. Alishika fremu ya kioo kwa mikono miwili njia nzima hadi Goma, na hakuna aliyemwambia aangalie.

Tulikaa kwa shangazi yangu, katika chumba kimoja chenye sakafu ya mawe meusi ya volkano. Dawa ya macho ilipatikana siku nyingine na siku nyingine haikupatikana. Sikumbuki asubuhi ambayo mama aliacha kuona. Yeye mwenyewe alisema hakuna asubuhi kama hiyo, kwamba ilikuwa kama maji yanayotoka kwenye ndoo iliyotoboka: unajua tu kwamba sasa hakuna. Nililitambua siku aliponipokea sahani mimi, akamshukuru shangazi, ambaye sauti yake ilisikika kando. Baba alikuwa ameketi kwenye kiti cha plastiki akaona hayo. Alitoka nje, akafungua boneti ya jeep ambayo haikuwa na ubovu wowote, akainama humo kwa muda mrefu.

Tulirudi Sake watu wengine walipoanza kurudi. Duka lilikuwa limefagiliwa na waporaji, hata rafu hazikuwapo. Mama muuza maharagi alirudi pia, akiwa amekonda, na maneno yake hayakuisha ("Turisti, umetembea? Umeona inchi?"), kisha alipomwona mama akipapasa ukingo wa meza aliacha utani, akamzungushia mkono kama ndugu.

Baada ya muda tulisikia magari yameanza kupanda hadi Masisi, na mengine kuvuka hadi Walikale. Asubuhi moja nilimkuta baba anaosha jeep. Alikuwa ameifagia nyuma, tupu kabisa, mara ya kwanza katika maisha yangu kuiona sakafu yake. Ilikuwa na rangi ya chuma kisichokanyagwa. Kiti cha mbele alikuwa amekiwekea mto. Kioo cha upande ule alikifuta kwa gazeti na maji ya ndimu mpaka kikang'aa. Kisha akaingia ndani akasimama mbele ya mama.

"Mama, njo tuende. Hakuna muzigo. Hata kilo moja."

Mama alikuwa anamenya ndizi. Aliendelea kumenya.

"Tuende wapi?"

"Barabara. Mushaki, Burungu, Masisi, kwenu. Vile ulisema."

"Nilisema kuangalia."

"Tutakueleza. Mutoto atakueleza."

"Papa." Aliweka kisu chini. "Kwetu nitaenda siku ya kilio, kama batu bote. Ile ya kuangalia imeisha. Usiendeshe gari bure juu yangu. Pakia."

"Sitapakia."

"Pakia, mi ninasema. Batu ba Mubi banataka chumvi."

Hakusema kwa hasira. Ingekuwa hasira, baba angeweza kujibu. Akatoka, na siku mbili nzima jeep ilikaa uani tupu, na mto kwenye kiti. Siku ya tatu wateja wa zamani walikuja kumwuliza kama anapanda, na akaanza kupakia. Alipakia polepole na vibaya, yeye aliyejua kupanga mzigo kuliko watu wote wa Sake. Lakini kiti cha mbele hakukiwekea kitu. Alikwenda hivyo, na nafasi ile tupu kando yake, kwa barabara yote.

Alirudi baada ya siku kadhaa, mchana, nguo zimejaa tope. Mama alikuwa mlangoni. Aliitambua injini ikiwa bado kwenye kona, akajitengeneza kitambaa cha kichwa. Baba alishuka, akanipa mkono, akaketi kwenye ngazi, miguuni pa mama. Nilimletea maji.

"Unieleze sasa," mama akasema.

Baba alikunywa, akapangusa mdomo. Nadhani alikuwa amejiandaa, maana alianza mara moja.

"Kutoka hapa unapanda. Kona ya kwanza, udongo umeshuka, unapita kushoto. Kona ya pili kuna bariyeri, unasimamishwa. Unafika Mushaki, pale unatia gia ya kwanza, hata ukirudi, sababu mafreni itapata moto..."

"Mushaki. Simama pale. Ziwa linaonekana?"

"Linaonekana."

"Liko namna gani?"

Baba aliweka maji chini.

"Liko nyuma," akasema.

Baba akaendelea, haraka zaidi: daraja la miti baada ya Masisi limeondolewa mbao mbili, mto umejaa, kwenye mteremko wa msituni kamio moja imelala ubavu na wenyewe wanapika kando yake, Walikale kuna tope hadi kwenye goti.

"Na majani ya Masisi? Banasema iko kijani sana, na ng'ombe."

"Ng'ombe... sasa hazikuwa nyingi."

"Na zamani? Zile wakati zilikuwa nyingi?"

"Zilikuwa zinavuka. Unapiga honi, zinavuka."

"Za rangi gani?"

Nilimtazama baba. Aliinua uso kuelekea vilima, macho yake mazima yakihama kutoka kimoja hadi kingine, na niliona kwamba anatafuta kweli, anarudi nyuma safari kwa safari, miaka yote ile, na hapati kitu.

"Mama," akasema mwishowe, "dereva anaangalia barabara."

"Siku zote?"

"Siku zote. Ukiangalia pembeni unaanguka."

Mama alinyoosha mkono, ukapita hewani, ukakipata kichwa cha baba, ukatua juu yake. Kulikuwa na tope kavu kwenye nywele zake nyeupe. Akaanza kulitoa, punje kwa punje, kwa vidole.

"Kumbe," akasema, "tuko bawili."