Madigadi ya Mbele

Mdogo wa marehemu mume wangu ni fundi baiskeli, na kwa miezi tisa hakugusa madigadi ya mtu yeyote. Mteja akija nayo, alimwambia, "Mpelekee mwingine."

Mume wangu aliuawa na kijiti. Kiliingia kati ya tairi la mbele la baiskeli yake na bati la madigadi, lile la kuzuia tope, gurudumu likakwama, akarushwa kichwa mbele. Shemeji ndiye aliyeyafunga, kwa bolti, yamebana kisawasawa.

Binti yangu ni muuguzi, anazungukia wagonjwa majumbani. Mvua zilipoanza alitoa stoo baiskeli ya baba yake, ile kuukuu ya safari ndefu, isiyo na madigadi, akaisukuma hadi kibandani kwa shemeji.

"Baba mdogo, nifungie madigadi."

"Panda hivyo hivyo. Matope hayaui."

"Nikasafishe vidonda nimejaa tope? Basi nitajifungia mwenyewe, kwa waya."

"Wewe? Hata spana hujui inashikwaje!"

"Ndiyo maana utanifungia."

Shemeji akaniangalia. Nilitaka kusema hapana.

Alifanya kazi tangu asubuhi, nati zikimdondoka. Kati ya tairi na bati aliacha nafasi ya kidole kizima. Vile vyuma vyembamba vya kushikilia bati hakuvikaza kwa bolti. Alivifunga kwa vipande vya mpira wa tyubu.

"Kikiingia kitu, mpira ukatike, gurudumu liendelee."

"Utajuaje kama utakatika?" nikauliza.

Aliokota kijiti, akakichomeka chini kwenye mdomo wa madigadi, akapanda na kuuelekea mteremko.

"Shemeji, shuka!"

Tairi lilikivuta kijiti ndani. Nikafumba macho. Ee Mungu, usinichukulie wa pili. Bati likalia kwa nguvu, kisha kimya.

Nilipofumbua, alikuwa amesimama, mguu mmoja chini, madigadi yananing'inia.

"Umekatika," alisema, jasho likimtiririka.

"Umeshaniharibia kitu changu," binti akasema. Akacheka peke yake.

Shemeji alikata mpira mpya. Kesho yake binti aliondoka na baiskeli, na siku nzima sikumeza kitu. Nilisali nikifua, nilisali nikifagia. Shemeji hakufungua kibanda. Alikaa kwangu, kizingitini, akitazama barabara.

Jioni binti akaingia uani.

"Shikamoo, baba mdogo."

"Ngoja."

Alichuchumaa, akabonyeza kila kipande cha mpira, taratibu.

"Marahaba, mwanangu."