Miche Iliyofunikwa Wakati wa Eda

Siku ile sijaisahau, mwanangu, na wala sijawahi kutaka kuisahau. Nilikuwa darasa la saba huko Mazingara. Baba na mama walikuwa wamesia mbegu za nyanya kwenye kitalu chao bondeni, wakafunika kwa nyasi kavu ili udongo usikauke. Kesho yake baba alianguka, na hakuinuka tena.

Taratibu zetu unazijua. Msiba ukiwa nyumbani, hakuna anayeshika jembe. Mama aliingia eda, akakaa ndani na nguo zake nyeupe, na mjane aliye edani hatoki kwenda kukagua kitalu. Lakini akili yake ilikuwa bondeni. Aliniita akaniambia, "Nenda kwa baba yako mdogo, mwambie afunue zile nyasi. Mbegu zitakuwa zimeshaota."

Nilikwenda. Baba mdogo Mhina, mdogo wake marehemu, alikuwa amekaa na wageni wa matanga. Nilimwamkia, nikampa ujumbe. Alinijibu bila kunitazama, "Mwambie mama yako atulie. Shamba sasa lina mwenyewe."

Nyasi alizifunua matanga yalipokwisha, kwa wakati wake. Miche ilikuwa mirefu, myembamba kama nyuzi, imepauka njano hadi karibu na weupe. Akapanda kutoka bondeni hadi nyumbani kwa hasira, akasimama mlangoni kwa mama, akasema, "Huyu mwanamke ana mkono mbaya. Kaka yangu amekwenda, na sasa hata nyanya zinakataa kuwa kijani." Bibi yangu mzaa baba, niliyempenda kuliko watu wote wa ukoo ule, aliinamia sufuria yake akanyamaza. Nilimchukia kwa kunyamaza kule, na sioni haya kukuambia.

Miche iling'olewa kwa mafungu, na udongo wake mbichi, ikatupwa pembeni palipokuwa peupe. Asubuhi iliyofuata mama alipandishwa basi kurudishwa kwao Kerenge, eda haijaisha. Ilikuwa dhambi, na kila aliyekuwa pale alijua ni dhambi. Sisi watoto tuliambiwa ni wa ukoo, tunabaki. Nilimng'ang'ania nguo. Aliniambia tu, "Mwangalie mdogo wako. Usibishane nao."

Jioni hiyo nilishuka kuchota maji. Ile miche iliyotupwa ilikuwa imeshinda juani, mizizi bado imeshika udongo wake, nayo ilikuwa imegeuka kijani. Nilikimbia kumwita baba mdogo. Alikuja, akachuchumaa, akashika jani moja kwa vidole viwili. Nikasubiri aseme neno, twende tukamrudishe mama. Akasema, "Lete ndoo ya maji."

Akaipanda yote upya. Nyanya zilizaa, zikauzwa Korogwe, na mchuzi wake tuliunywa sisi watoto wa mama. Mama hakuitwa.

Sababu yenyewe nilikuja kuielewa nikiwa chuo cha ualimu. Mkufunzi alieleza kwamba mmea hutengeneza klorofili, ule ukijani wa jani, kwa hatua nyingi, na huhitaji naitrojeni na magnesiamu kutoka udongoni. Mmea kama nyanya ukiwa gizani huandaa kila kitu hadi karibu na mwisho, kisha hukwama, kwa sababu ile hatua iliyobaki inahitaji mwanga. Jua likiufikia, kazi hukamilika na rangi huanza kuonekana siku ileile. Vijidudu vingi vya ule utelezi wa kijani kwenye mitaro huweza kumalizia hata gizani, alisema. Nyanya haiwezi. Wenzangu waliandika. Mimi nilitoka nje nikalia, zaidi kwa hasira kuliko kwa huzuni.

Likizo nilikwenda Kerenge kumweleza mama. Alinisikiliza mpaka mwisho, akachambua mboga zake, kisha akasema, "Najua, mwanangu. Si ndiyo maana nilikutuma?" Alizeeka kwao, akazikwa kwao. Wanaoniambia nisamehe wananichosha.

Sasa nasikia mahindi yako yamegeuka njano, na umeanza kumtazama mkeo kwa jicho baya kwa sababu aliingia shambani siku aliyotoka kuzika. Mwanangu, nimefundisha sayansi mpaka nikastaafu, nakwambia hivi: jani likipauka, anza na jani lenyewe. Huenda limekosa mbolea, huenda maji yametuama kwenye mizizi, huenda limekosa mwanga. Fukua, tazama, mwite bwana shamba. Binadamu mwache kabisa. Mahindi utapanda tena mvua zijazo, lakini mtu ukishamfukuza, hata ukimrudisha, atakaa kwako kama mgeni.

Na ukigundua umekosea, sema siku hiyohiyo. Baba mdogo aliuona ukweli kwa macho yake, akaokota miche, akamwacha mama.

Mungu abariki shamba lako, na watoto wako wakue wakiwa na mama yao. Akupe ulimi mwepesi wa kuomba radhi, uombe wakati unayemwomba bado yumo nyumbani mwako.