Mwendo wa Maalim Mahfoudh

Zamani mwanafunzi alimchemshia mwalimu kahawa miezi mitatu kabla ya kuruhusiwa kuzigusa nyuzi za udi. Siku hizi mwalimu ndiye anayepanda teksi kumfuata mwanafunzi kwake, na akifika huulizwa kama atakunywa kahawa kwa maziwa ya lozi.

Mwalimu huyo ni mie, Mahfoudh, wa mtaa wa Hamriya, Maskati, ghorofa ya pili juu ya duka la mapazia. Skuli ya muziki sikusoma. Nilipotoka Unguja kuja Maskati nilikuwa kijana, mtunza ghala Wadi Kabir, na maalim wangu alikuwa redio ya kaseti na kanda moja. Nilipokosa betri mpya nilizianika zile kuukuu juani, kama tulivyofanya kwetu, kisha nikazirudisha na redio ikaimba. Hivyo ndivyo nilivyojifunza kila nnachokijua, na nilijiona bingwa.

Wanafunzi wangu walinikimbia mmoja mmoja wakaenda kwa Nicholas, Mkenya anayefundisha gitaa, ambaye kwa wiki moja humtoa mtu na wimbo mzima. Wakabaki wawili: Yaqdhan na dada yake Shahad, wa mtaa wa Qurum. Walitaka wimbo mmoja tu, ule ambao mama yao aliuchezea kwenye harusi yake Unguja, waupige mdogo wao atakapooa. Nikajiambia: hawa wakiupiga vizuri mbele za watu, Maskati itajua kuwa bado pana maalim. Wakiharibu, udi wangu niutundike ukutani uliwe na vumbi.

Mama yao, Bi Zakiya, hakukosa darasa. Alikaa pembeni na bakuli lake la njugu.

"Maalim," aliniuliza siku moja, "kwa wimbo huu tunamwoza mtu au tunamzika?"

"Mama!" Shahad akamkemea.

"Nnauliza tu, mwanangu. Sie tuliucheza mpaka visigino vya viatu vikang'oka. Huu wa Maalim mtu aweza kuucheza huku anachambua mchele."

"Bi Zakiya," nikamjibu kwa sauti ya mtu aliyesoma, "haraka ni ya wapiga gitaa. Udi una heshima yake."

Nikawapa hotuba ndefu juu ya utulivu wa wazee. Yaqdhan, mtu mzima mwenye ofisi yake na makatibu wake, akaitikia kwa kichwa kama mtoto wa chuo cha Kurani.

Lakini neno la visigino lilinikaa rohoni. Nikampitia Nicholas, nikamwomba anitafutie wimbo ule kwenye simu yake. Akaupata, ule ule, waimbaji wale wale wa kanda yangu. Ukatoka mbio kama mbuzi aliyekata kamba.

"Mzee, hii ni ya kurukaruka!" Nicholas akacheka. "Wewe uliisikia wapi ikienda pole hivyo?"

Nikamrudishia simu yake. Niliusikia kwenye betri za kuanikwa. Kanda ilikuwa ikijikokota kwa njaa ya umeme, nami nikadhani huo ndio utulivu wa wazee. Miaka yote hiyo nimewagombeza watu kwa kosa la kupiga sawasawa.

Darasa lililofuata nilikwenda kuwaambia. Nimevua viatu, sijafungua mdomo, Yaqdhan akanibusu kichwa.

"Maalim, mwendo wako tushauzoea," akasema. "Hatukimbii tena."

Mwenye akili angesema kweli hapo hapo. Mie nikasema, "Barakallahu fiik," nikaomba kahawa.

Siku ya karamu ya harusi nilichelewa; dereva wa teksi alinishusha mbele ya nyumba siyo. Wimbo nikausikia tangu njiani: mbio, hai, vigelegele juu yake. Nikajua wamemwita Nicholas. Nikaingia uani nimekunja uso.

Walikuwa wao. Yaqdhan ameuinamia udi wake, jasho linamtoka. Shahad kando yake na wake, vidole havifuatiki kwa jicho. Jamaa wote wamesimama wanacheza, Bi Zakiya mbele yao.

Kisha Shahad akaniona. Akamgusa kaka yake kwa kiwiko, na wote wawili wakaushusha wimbo hadi mwendo wangu. Wachezaji wakagongana. Bwana harusi akabaki mguu mmoja hewani. Bi Zakiya akageuka kutafuta kilichoharibika, akanikuta mie.

"Karibu, Maalim," akasema. "Pita ukae."

Wale wawili walinitazama huku wakipiga, pole, sawa kabisa na nilivyowafundisha, bila kukosea hata uzi mmoja. Sijapata kuheshimiwa hivyo, wala kuona harusi ikiharibiwa kwa adabu namna ile.

Nikaweka mkono kifuani, nikasema nimesahau kitu kwenye teksi, nikatoka. Teksi ilishakwenda zake. Nikasimama nje ya ukuta. Wakaendelea pole kidogo, nadhani ili wahakikishe kuwa nimekwenda kweli, kisha wimbo ukaanza kukimbia. Tangu hapo sijawaona.