Maji ya Ndoto

Harufu ya matope mekundu yaliyokaukia kwenye buti hunirudisha mlangoni kwetu, Likasi, nilipokuwa mdogo.

Wakati ule nilikuwa naota shimo nyuma ya nyumba, na ndani yake mtu ananiita. Nyumbani kwetu ndoto mbaya haikusimuliwa mtu kabla ya kusemewa karai la maji. Kisha mama aliyamwaga maji nje ya kizingiti, yaende nayo. Lakini ndoto ile ilirudi tu, hadi mama akanishika mashavu.

"Ikirudia, usikimbie. Jiambie: minye niko nalala tu. Kisha inama, uulize: weye ni nani?"

Nikafanya hivyo. Nilijua kabisa kwamba naota, na woga ukanitoka kama homa inavyotoka na jasho. Nikainama ukingoni, nikauliza. Uso wa baba ukainuka, una matope hadi kwenye nyusi.

"Usiogope, mwana. Ni minye."

Asubuhi nililisemea karai kwa sauti, nikicheka, kwa kuwa nilikuwa nimeshinda. Mama akalibeba mpaka mlangoni, akasimama. Baba alikuwa ameenda kuchimba tangu jana, na pale alipozoea kuvulia buti hapakuwa na kitu.

Maji hakuyamwaga. Karai lilikaa kizingitini, na majirani walioanza kuja kutupa pole walipita kando yake.

Leo buti zilizo mlangoni ni za mwanangu. Ameamka kwenda machimboni, na kabla ya kuzivaa ameniomba karai.